Swali la Kumi na Saba

Fomu ina kurasa kumi na mbili. Niliijaza kwa wino mweusi
juu ya cherehani ya mke wangu, Ng'ambo, Tabora:
jina la babu, jina la bibi mzaa mama, kijiji alikozikwa,
shule, majirani watatu wanaonijua vyema,
mpaka swali la kumi na saba likanishika mkono.
*Je, umewahi kutiwa hatiani kwa kosa lolote?*

Nyuki wa miaka tisa iliyopita wakaamka.

Wanzuki ilikuwa tamu mwaka ule.
Asali ya Sikonge iliingia mjini kwa madumu,
nami nilikuwa na mshahara wa kwanza na pikipiki ya kuazima.
Ukuta wa ghala la tumbaku ulisimama pale tangu sijazaliwa;
nilimwambia hakimu kwamba ulinikatiza njia.
Mahakama nzima ilicheka, hata karani.
Faini laki moja na nusu, au miezi mitatu.
Mama akauza mizinga yake.

Kazi ninayoomba ni ya masijala ya siri:
chumba kimoja, dirisha la nondo, makabati ya chuma,
mafaili ya mhuri mwekundu ambayo hata wakubwa huyapokea kwa saini.
Mihayo, niliyesoma naye, alinishauri niandike HAPANA.
"Kitabu cha mahakama kimeliwa na mchwa. Nani atafukua?"
Niliandika NDIYO. Waliniachia mistari miwili;
nikaijaza, nikapanda pembeni, nikazunguka ukurasa kama siafu.

Afisa wa upekuzi alikuja Alhamisi, shati la drafti, kalamu mbili mfukoni.
Alianza kwa Bi Nyanzala, muuza wanzuki.
"Huyu? Huyu hata harufu ya pombe haijui!"
Alidhani ananiokoa.

Jioni afisa akabisha kwangu, fomu mkononi.
"Mmoja wenu anadanganya. Ningependa awe yeye."
Kisha, akinywa maji niliyompa, bila haraka:
"Ulevi wa zamani tunaupima. Lini, mara ngapi, ulikoma lini.
Ninachoogopa ni kile ambacho mtu anakificha,
maana atakayekijua kabla yangu
atakuwa na ufunguo wa pili wa kabati."

Hakusema nimepita. Hakusema nimeanguka.

Usiku nilimkuta Bi Nyanzala anaosha madumu.
Nikamwomba, akiulizwa tena, aseme yote:
pikipiki, ukuta, nilivyoimba njia nzima hadi kituoni.
Alinitazama kama mtu anayekadiria uzito wa asali kwa macho,
akachomoa daftari chini ya ndoo,
akalowesha kidole, akafunua nyuma, nyuma zaidi,
hadi jina langu:
vibuyu vinne, Jumamosi ile, havijalipwa.

"Nitasema," alisema. "Lakini lipa kwanza.
Sitaki ionekane namsema mdeni wangu."

Nikalipa. Akapiga mstari mmoja juu ya jina.
Bado linasomeka.