Vitenzi vya Kawaida

Darasa letu liko Langoni, juu ya fundi wa kanzu.
Cherehani ikienda kasi ubao hutetemeka
na chaki humeguka mkononi mwa Mwalimu Famau,
aliyekiokota Kihispania jikoni, kwenye meli ya jodari,
miaka sita akiwamenyea viazi watu wa Vigo.
Vitabu hana. Ana mikia.

"Nyinyi," asema, "mtu wenu hutangulia mlangoni:
ni-, u-, a-, kisha -li-, ndipo kazi.
Kule kazi hutangulia. Aliyeifanya
utamwona mwisho, akitokea uani."
Hablé. Hablaste. Habló.
Tu watu tisa, wanane wa hoteli za Shela
na kijana mmoja mwenye mchumba Sevilla,
ambaye zoezi hafanyi.

"Tazameni mkwaju huu." Agonga ubao.
"Hablo: nasema. Habló: alisema."
Mstari mfupi kama ukucha wa mtoto mchanga,
na mimi nishakuwa yeye,
na sasa ishakuwa zamani.

Usiku nilizikariri kando ya kitanda cha Bibi.
Comí, comiste, comió.
"Nani wamwambia akome?" akauliza Bi Mwanamize.
Ni kula, Bibi. Kula kulikopita.
"Kulikopita hakushibishi," akageukia ukuta.
Kisha, gizani:
"Na sisi twaiweka mwisho.
Ufikile. Wendele. Ulele. Hukusikia?"
Nilikuwa nimesikia tangu nizaliwe,
nikidhani ni meno tu yaliyopungua.

Jumatano moja nilirudi, daftari kwapani.
Bi Rukiya wa nyumba ya pili alisimama dakani,
viatu mkononi.
"Ulele," akaniambia.
Nikapunguza hatua, nisimwamshe.

Arubaini haijatimia nimerudi darasani.
"Na morir, Mwalimu?"
Ajifuta chaki kwenye suruali.
"Hicho si cha kawaida. Hubadilika katikati.
Hatujafika huko."
Aandika vivir. Kuishi hufuata sheria.

Viví. Viviste. Vivió.
Fundi alikuwa amesimamisha mashine,
sauti yangu ikabaki peke yake chumbani.
Kisha sisi: vivimos.
Ya leo na ya jana, herufi kwa herufi,
hata mkwaju hamna.
Kula wamekutenganisha, comemos, comimos,
sahani ikishaondolewa imeondolewa.
Lakini kuishi, kwa sisi, mlango wameuacha wazi
au wamesahau kuufunga.

"Toa mfano," asema Mwalimu.
Niliandika: Vivimos en Mkomani, mi abuela y yo.
"Tunaishi, au tuliishi?"
Kijana wa Sevilla alinitazama kwa mara ya kwanza.
Mwalimu akaisoma tena sentensi, kimya,
akaiwekea alama ya sahihi, akapita.

Kesho wageni wa Bilbao watashuka ngazi
na kazi yangu ni kuwauliza kama walilala vyema.
Nimeuliza mapema nisije nikakosea.
Kulala nako, asema Mwalimu, ni ndugu yake kufa:
hubadilika katikati.