Kaskarila Mbili

Mama yangu Ondina hatupi kaka la yai.
Mayai huja kwa kitabu cha mgao,
matano kwa kichwa, mwezi ukiwa na huruma,
lakini majirani wa La Marina humwekea makaka
kwenye kopo la maziwa nyuma ya mlango:
la keki ya arusi, la uji wa mgonjwa,
la yule mwalimu anayekula usiku peke yake.

Huyaosha. Huambua utando wa ndani,
mwembamba kama ngozi ya kope,
huyaanika juu ya bati siku tatu,
kisha kinu, kisha chekeche,
kisha soksi yangu ya shule, maana chekeche haitoshi.
Matone ya maji. Hushindilia unga kwenye vizibo vya bia
na asubuhi huubandua: vijiwe vyeupe,
baridi kiganjani.

Nilikua na alama nyeupe kisogoni
kila palipokuwa na mtihani, au homa,
au jirani aliyekata roho.
Msalaba kizingitini, ili mauti yakosee nyumba.
"Cheupe hupoza," alisema Mama. Hakuongeza.

Nilipotimiza miaka thelathini na minne
baba yangu akapatikana:
Granville Heastie, wa kisiwa cha Acklins, Bahama,
hai, tumbo linamsumbua.
Mama alitwanga usiku mbili bila neno.
Vijiwe kumi na viwili ndani ya gazeti.
"Mpelekee kaskarila."

Forodha ya Nassau, afisa Moxey
aliliambia lile gazeti, si mimi:
"Unga mweupe."
"Ni mayai," nikasema.
Wakamleta mbwa. Mbwa akanusa, akapiga chafya, akalala.
Nikatwaa kijiwe kimoja nikajichora pajini
mbele ya foleni nzima, wakiwemo watalii wa kofia za majani.
Moxey akanitazama kitambo.
Kisha, kwa sauti ya chini:
"Kinamfaa mtoto anayepasuliwa kesho?"
"Sijui," nikasema, nikampa kimoja.
Akagonga muhuri.
Mpaka leo sijui kama ile ilikuwa hongo.

Baba alikuwa ameketi juu ya jiwe la chokaa,
kisu mkononi, akiambua gome la vijiti,
na gome likijikunja lenyewe kama barua
isiyotaka kusomwa.
Harufu yake: pilipili manga,
na sanduku la nguo za mtu aliyesafiri.
"Nimekuletea kaskarila."
Akafungua gazeti. Akacheka hadi akashika tumbo.
"Hii? Kaskarila ni ile," akaonyesha magunia,
"inapimwa kwa ratili, wageni huitia
kwenye mvinyo wao mchungu."

Akanyamaza.
"Nilimwambia mama yako: kwetu tunaishi kwa kaskarila.
Akadhani nimetoka kwa watu wa ibada.
Naye akaniambia: nitakuwekea kaskarila mlangoni usipotee.
Nikadhani atanifukizia.
Nikasubiri moshi. Sikuuona."

Hiyo, nilidhani, haitoshi kumwacha mtu.
Sikusema.
Alichemsha gome, tukanywa;
uchungu wake huanza nyuma ya ulimi
na hauondoki ukiambiwa.
Usiku nikamchorea mstari kizingitini.
Yeye akachoma vipande vya gome koponi, kwa ajili ya mbu,
na moshi ukauvuka mstari wangu
kama mwenye nyumba.

Nilirudi Matanzas na gome moja ndani ya soksi.
Mama alilinusa, akageuka dirishani.
"Anakula?"
"Kidogo."
Akaliweka ndani ya kinu
ambacho hakijawahi kuonja kitu ila kaka la yai.

Ni wiki ya tatu.
Makopo ya majirani yanafurika nyuma ya mlango,
mchi umeegemea ukuta,
na Mama akipita karibu na kinu
hupunguza mwendo.