Deni la Tundu

Sindano zangu za kwanza zilikuwa spoki,
zimenolewa juu ya jiwe huko Kadutu, chini ya ngazi za soko,
na fundi baiskeli aitwaye Bahizire
aliyeniuliza, "Za kuchomea nyama?"
Nikasema, za kufumia lesi.
Akacheka mpaka mnyororo ukamponyoka.

Uzi ulitoka katika sweta la mtumba,
jeupe, lililoungua kwapa moja.
Nililifumua usiku, umeme ukiwa umekwenda zake,
nikauzungushia mgongo wa kiti,
nikaulowesha, hata ukaacha kukumbuka
mwili wa mtu nisiyemjua.

Mama Cibalonza hakunisifu.
Alivuta jicho moja kwa ukucha: "Unabana.
Uzi si mbuzi, hautakimbia.
Jicho likibanwa halioni."
Kisha akanipa siri yote kwa pumzi moja:
uzi mbele, juu ya sindano, hapo tundu limezaliwa;
macho mawili yafume pamoja, hapo tundu limelipiwa.
"Ukizaa bila kulipa, kitambaa kitapanuka
kama mdomo wa mmbeya.
Ukilipa bila kuzaa, kitakwisha
kama mshahara wa mwalimu."

Nikahesabu: moja, mbili, tundu, pamoja.
Mvua ya Bukavu ikahesabu nami juu ya bati,
ikanipoteza.
Meli ya Goma ikapiga honi, nikainua kichwa;
niliporudi, jani nililokuwa nikifuma
lilikuwa limegeuka nge.
Safu thelathini.
Nilizifumua nikitukana kwa Mashi,
na Mashi yaliponiishia, kwa Kifaransa.

Ndipo akanitolea uzi mwekundu,
mwembamba kama mshipa wa jicho lililokesha.
"Kila safu ya kumi upitishe huu ndani ya macho yote,
uuache umelala humo.
Ukianguka, utaanguka mpaka hapo tu."
Alisema hayo akitazama mteremko wa Funu,
ambako nyumba zimeshikana mabega
zisije zikateleza.

Kilipokwisha, kitambaa kilikuwa aibu,
kimejikunja kama sombe ya jana.
Nilitaka kukitupa.
"Hata hujakiogesha!"
Maji ya vuguvugu. Kukikamua ndani ya taulo, bila kukisokota.
Kisha godoro, kisha pini hamsini na mbili,
kila ncha ikivutwa mpaka ilalamike kidogo.
Tulilala chini, sisi wawili,
kitambaa kikalala kitandani.

Asubuhi majani yalikuwa yamefunguka.
Na pale, safu ya arobaini na moja,
tundu moja nililosahau kulilipia.
Mama Cibalonza akalitia kidole.
"Na hili?"
Nikanyamaza.
Hakufumua. Alijitupia kitambaa mabegani,
akachukua kikapu, akaenda kununua sambaza,
na tundu langu likashuka naye ngazi,
likipitisha upepo wa ziwa,
deni ambalo mpaka leo hajanidai.