Vidole Viwili

Mwezi wa saba, Ruashi, alfajiri.
Maji ya beseni yanauma kama nyuki.
Nalifunga bomba la plastiki ukutani mwa depo ya Mama Ngoie,
mita kumi na mbili,
kutoka kontere hadi kwenye friza ya samaki,
ukuta ule unaotazama machweo.
Nakata, napaka gundi, nasukuma,
nabana kila hatua kwa klipu ya chuma,
nakaza skrubu hadi kidole gumba kinakuwa cheupe.
Narudi nyuma nitazame.
Hata uzi wa mwashi usingelipata kosa.
«Mwape, umenyoosha kama mustari ya kaye!»
Nikalipwa. Nikala bukari moto moto.
Sikujua kwamba mstari ule
ulikuwa umebana pumzi.

Mwezi wa kumi mvua inatucheza shere,
mawingu yanakuja kutusalimu tu na kupita.
Simu inalia saa nane mchana:
«Tuyo yako iko na mimba. Kuya uone.»

Nikaenda. Kweli, tumbo lile!
Bomba limejipinda kutoka ukutani,
klipu mbili zimeng'oka na vipande vya tofali,
boksi la kona limeachama,
na ndani, koo la shaba liko nje —
shaba ya hapa hapa kwetu
iliyokwenda mbali kwa meli, ikarudi waya
yenye maandishi nisiyoyajua.
Mtoto mmoja alikuwa ameanika soksi kwenye ule uvimbe.

Nilimlaumu muuzaji wa soko la Kenya.
Nililaumu gundi. Nililaumu tofali.
Usiku ule nililala depo, juu ya magunia ya chumvi,
nikang'oa klipu zote,
bomba nikalilaza huru juu ya misumari.
Saa kumi na moja alfajiri, kwenye ncha yake,
nikachora ukutani mstari wa penseli.
Saa nane, jua likiwa limeegemea ukuta mzima,
nikarudi na penseli ile ile.

Vidole viwili.
Nikapima tena. Vidole viwili vyangu,
cha shahada na cha kati, vimelala pamoja.
Hakuna aliyelisukuma.
Lilikuwa limejinyoosha tu,
kama mtu aliyeamka.

Basi nikalifunga upya.
Ncha moja nikaikaza kweli, ijue kwao.
Katikati nikatia kiungio cha kutelezea,
bomba ndani ya bomba, bila gundi.
Ukifunga kwa baridi, liache limejitoa,
joto lipate pa kuingilia;
ukifunga jua likiwaka, lisukume ndani,
ila si lote, kwa maana usiku
huja kudai chake.
Klipu zishike zisinyonge.
Nyaya nazo, ziachie mkunjo ndani ya boksi.

Mama Ngoie akaweka miwani.
«Na hii nafasi? Ulichoka?»
«Hapana, mama. Hiyo ndiyo kazi.»
Hakuamini. Alinikata elfu tano.

Jioni nilimkuta Kibambe mlangoni,
kifundo cha mguu kimekwisha toka nje ya suruali ya shule,
na muhula haujafika hata nusu.
Nikaipindua suruali juu ya magoti, nikatafuta kwa wembe.
Ndani ya pindo, kitambaa kilichokunjwa,
rangi yake bado mpya, buluu ya dukani.
Nikakipima kwa mazoea.
Sikucheka. Nilikaa nacho tu,
uzi uliokatika ukining'inia kidoleni.
Mshonaji wa Katuba, ambaye hata jina lake silijui,
na ambaye nilimpunja bei.

Juzi Mama Ngoie kapiga simu tena.
«Mwape, kila jua likishuka
minasikia kitu mu ukuta. Tk. Panya?»
Nikamwambia asiweke sumu.
Ni bomba linarudi.
Akanyamaza kidogo, nami nikanyamaza,
na kwa mbali, kwenye simu, nikalisikia:
tk.