Saa Mbili na Dakika Mbili

Hospitali yetu ya Kutaisi ina kompyuta mia tatu na kumi na mbili,
nami ndiye nizilazaye na kuziamsha.
Nakaa chini ya ardhi, jirani na chumba cha mashuka;
seva zinakoroma, mabomba yanatoka jasho,
na huko juu mvua ya Imereti haijui kuomba radhi.

Kazi yangu ni kujibu kabla ya kuulizwa.
Programu mpya huja na maswali kama mgeni mlangoni:
Lugha gani? Saa za wapi? Unakubali masharti?
Nani akubali, saa tisa za usiku,
kwenye dawati tupu la wodi ya tatu?
Basi nimeandika faili moja, majibu yote yamo:
Kijojia. Saa za Tbilisi. Ndiyo, ndiyo, nakubali.
Printa ya ghorofa yako, si ya jirani.
Kwenye skrini, nembo ya hospitali, samawati iliyochaguliwa na kamati
baada ya vikao vinne na sahani nyingi za mkate wa jibini.
Kisha amri ya mwisho: kimya.
Isiulize. Isifungue dirisha. Isakinishe, izime, iwake.

Nilijivuna, sikatai.
Kila kulipokucha, sura moja,
kama watoto walionyolewa na kinyozi mmoja.
Natela, mkuu wangu, alisema "Safi,"
naye neno hilo hulitoa kama mtu anayeng'olewa jino.

Isipokuwa mashine moja.
Kila baada ya usiku wa sasisho, daftari la seva liliandika:
mapokezi, nambari nne, saa mbili na dakika mbili,
mpangilio umebadilishwa.
Naurudisha. Saa mbili na dakika mbili, umebadilishwa.
Nikadhani kirusi. Nikadhani diski inakata roho.
Nikaongeza mstari wa kuufunga, usiguswe,
nikalala kama aliyepigilia msumari.

Asubuhi yake daftari lilisema:
amejaribu, amekataliwa. Amejaribu, amekataliwa.
Mara kumi na moja.
Kisha hakujaribu tena.

Nikapanda ngazi.

Foleni ilifika mlangoni, makoti yanachuruzika,
na nyuma ya kioo, Ramazi,
miaka kumi na tisa kwenye migodi ya Chiatura;
mkono wake wa kulia una kidole gumba na kile cha mwisho,
vingine vilibaki huko pamoja na manganizi.
Kipanya kilikuwa kushoto kwake. Siku zote kilikuwa kushoto.
Vitufe tu ndivyo nilivyovipanga kwa mkono wa kulia,
kwa niaba ya watu wote.
Anabofya, inafunguka menyu asiyoitaka.
Anamwomba radhi bibi mwenye kikohozi. Anabofya tena.

"Kila mara hurudi upande wenu," aliniambia, wala hakukasirika,
"nami huirudisha upande wangu. Nilidhani kompyuta ndivyo zilivyo.
Leo imekataa. Nikasema, haya."

Miaka minne.
Anavua kofia, anaketi, anapekua menyu ndani ya menyu,
anaudai mkono wake.
Nami niko chini, nimeshamjibia.

Nikalirudia faili. Lilikuwa na mistari mia mbili na kumi na sita,
karibu yote ikianza na "kwa kila."
Nikaandika wa mia mbili na kumi na saba. Unaanza na "ila."

Halafu nikachukua kalamu, nikapanda tena, ghorofa kwa ghorofa.
Eteri wa eksirei anataka herufi kubwa, amekuwa akivua miwani
na kusogeza pua hadi kwenye kioo.
Daktari wa usiku hataki ile samawati, inamuumiza kichwa.
Natela aliiona orodha: "Siku hizi unasakinisha au unatibu?"
Sikuwa na jibu tayari.

Ijumaa, baada ya sasisho, nilikaa nikilitazama daftari.
Saa mbili kamili. Na dakika moja. Na mbili.
Hakuna kitu.
Kimya, lakini si kile nilichokiamuru.

Saa mbili na dakika tano
printa ya ghorofa ya pili ikameza karatasi.