Somo Lililonyeshewa

Nina tundu kichwani lenye umbo la mvua.
Lilitoboka nikiwa darasa la tano, mwezi wa nne,
Mwalimu Andembwisye alipougeukia ubao
akaandika: Kugawanya Desimali,
akafungua kinywa,
na mlima Rungwe ukatumwagia mzigo wake wote juu ya bati.

Midomo yake ilicheza. Neno halikufika hata dawati la kwanza.
Akaandika: TULIENI. Akakaa.

Madirisha ya upande wa upepo yalikuwa ya mbao.
Ukifungua, daftari linaoga.
Ukifunga, humuoni unayebanana naye.
Tukachagua giza; kila masika tulichagua giza.
Ukuta ulitoa jasho, tukauegemea hivyo hivyo,
na mvua ilipokata, kilichosikika kwanza
ni kikohozi cha Gwantwa,
kisha kengele ya kwenda nyumbani.

Kesho yake vilevile. Keshokutwa vilevile.
Jumatatu tukaanza Eneo la Mstatili.
Desimali ikabaki huko juu, kati ya bati na mawingu.

Nimekuwa fundi. Nimeezeka kuanzia Kiwira hadi Masoko
kwa jicho na kwa shubiri,
nikiagiza mbao kuzidi mahitaji,
nikimwambia mwenye nyumba: hizi ni za kuharibika.
Miaka ishirini nimeuishi uongo huo mdogo.

Mwaka huu kazi imenirudisha shule ileile.
Injinia Tusajigwe hakuanza na ramani.
Alikuja siku ya mvua, akaketi dawati la nyuma,
magoti yakikaribia kidevu,
akasikiliza bati saa nzima bila kuandika kitu.
Alipotoka alisema:
«Hapa anayefundisha ni paa.»

Basi tukalinyamazisha paa.
Dari la mianzi, ile ile waliyojengea babu zetu
kabla hatujaanza kuionea aibu,
na juu yake maganda ya mpunga kutoka Kyela, gunia kwa gunia.
Upenu tukaurefusha hadi jirani akauliza
kama shule inavaa kofia.
Madirisha pande mbili, ya kioo, na matundu juu kabisa
hewa iliyochoka ipate pa kutokea.
Tofali za udongo tulizishindilia kwa mashine ya mkono,
hazikuonja moto;
msitu wa ng'ambo ya mto haujui hata kama tumejenga.
Gata zinapeleka maji kwenye tangi.
Mwizi wa masomo yetu sasa ananawisha watoto mikono.

Lakini hayo yalikuja baadaye.
Kabla ya dari nilisimama na kamba:
chumba mita saba nukta mbili,
papi kila nukta nne tano,
na fedha za kijiji, zisizo na «za kuharibika».
Nikapiga jicho. Jicho likakataa.
Binti yangu Tupokigwe alikuwa ameniletea chai.
Nikamuuliza kama mtu anayemjaribu mtoto.
Alinitazama kidogo. Nadhani alijua.
Akaokota mkaa, akaandika kwenye ukuta mpya:
«Sogeza nukta, baba. Huku mara mbili, na huku mara mbili.
Mia saba ishirini kwa arobaini na tano.
Kumi na sita.»

Sogeza nukta. Kumbe ndilo hilo tu.
Neno fupi kiasi hicho, na mvua ililimeza.

Nami nikamlipa kwa kile ninachokijua:
nafasi kumi na sita, mwanangu,
zinataka papi kumi na saba.
Akahesabu kwa vidole, akacheka, akaongeza moja.
Ukuta umepakwa chokaa; hesabu yake iko chini yake.

Leo ni mwezi wa nne tena.
Nimekaa varandani, penseli sikioni, nasubiri kuona
kama kuna panapovuja.
Imeshuka ile ya kwetu, ya kufuta mlima.
Juu ya dari inasikika kama unga unaochekechwa.
Ndani mtoto mmoja amejibu swali
na amekosea.
Nimemsikia wazi kabisa.
Mwalimu anamsahihisha, taratibu,
na hilo nalo nalisikia.