Jumapili ya Bure

Jumapili ya kwanza ya mwezi kuingia ni bure,
na mama mkwe, aliyesokota uzi miaka ishirini na sita
humu humu, kabla kiwanda hakijageuzwa makumbusho,
ananicheka kwenye simu:
"Cha bure, Radosław, utakilipa kwa magoti."

Tukaenda hivyo hivyo. Theluji ya Łódź imekuwa uji mweusi.
Jagna ana miaka saba na swali kwa kila ngazi,
Kajetan ana minne na kamasi.
Ndani ya tramu niliwausia: msiguse, msikimbie,
msiseme "hata mimi naweza kuchora hii"
(hilo la mwisho nilikuwa najikanya mwenyewe).

Chumba cha kwanza: mfalme juu ya farasi,
upana wa ukuta mzima, dhahabu tele.
Kajetan akapiga magoti,
lakini mbele ya tundu la hewa moto sakafuni.
Akaliita jina lake humo ndani
nalo likamrudia limepata joto.
Chumba cha pili wakakipenda kizimamoto.
Ni chekundu, kinang'aa, kimetundikwa vizuri,
kina na maelezo yake pembeni.
Jagna akasoma kwa sauti: "Vuta pini. Elekeza chini."
"Mchoraji huyu," akasema, "anaeleweka."

Na mimi nilikuwa nimeamka alfajiri, nikakariri
nani alichora nini, mwaka gani, kwa rangi ya wapi.
Maana nilipokuwa mdogo hakuna aliyenileta.
Nilifika mara moja tu, na shule;
tukahesabiwa kuingia, tukahesabiwa kutoka,
na katikati nilitazama kisogo cha Wiesiek.
Nilitaka wanangu waone kilicho mbele ya kisogo.
Basi nikasafisha koo: "Tazameni jinsi mwanga unavyo..."
Kajetan akaipigia chafya karne ya kumi na saba.

Mlinzi akainuka kitini. Mama mnene, sweta ya kijivu,
kibandiko kifuani: Genowefa.
Nikajiandaa kuomba radhi. Yeye akatoa leso,
akampangusa mtoto pua, akamnong'oneza
kama anayetoa siri ya jirani:
"Chumba cha tano kuna samaki. Anakutazama popote uendapo.
Nimekaa naye miaka kumi na moja, bado hatujaelewana."

Wakaenda. Wakakimbia, ndiyo,
na Genowefa akageuza uso.

Picha yenyewe ndogo, kama dirisha la choo.
Sahani ya bati, samaki mmoja, nusu limau,
kisu kimechungulia nje ya meza, kama kitaanguka.
Jagna akaenda kushoto. Akaenda kulia.
Akachuchumaa. Akafumba jicho moja ili amlaghai.
"Ananiona," akasema polepole. "Amekufa na ananiona."
Kajetan akainua mikono yote miwili,
akaikinga chini ya kisu, hewani, mbali na turubai,
akasimama hivyo
akidake.

Tarehe ya picha hiyo nilikuwa nayo mdomoni.
Nikaimeza.
Tulikaa pale muda ambao siwezi kuutaja,
mimi ninayepanga ratiba za tramu,
kwa kuwa sikuitazama saa.

Kisha njaa, kisha choo, kisha glavu moja iliyopotea,
kilio cha glavu, na kurudi nyuma vyumba vitatu kuitafuta glavu.
Vyumba kumi na viwili hatukuviona.
Mama mkwe akiuliza, nitamwambia tuliona samaki.
Magoti yananiuma, hilo sitamwambia.

Usiku Bogna akarudi kutoka zamu ya hospitali
akakuta meza haijaondolewa vyombo:
ganda la yai, nusu kitunguu,
taa imesogezwa karibu,
kisu kikichungulia ukingoni.
Akanyoosha mkono.
"Usiguse," nikamwambia, "bado."
Kajetan alikuwa amesinzia kitini,
viganja wazi juu ya mapaja,
upande ule ule wa kisu.